Mafuta Yanayotibu Tumbo na Kukata Kutu

Songea, 9 Juni 1997. Huu ni mwaka wa ishirini na tatu tangu nyumba yetu ya Usagara, huko Mwanza, ivunjwe tulipohamishiwa vijiji vya ujamaa, na mimi nishike njia ya kusini.

Kwa Nkwabi, mpwa wangu, mfanyabiashara wa mafuta ya mimea, Nyakato, Mwanza.

Mpwa, nakuandikia kwa heshima anayostahili mtu mwenye kibanda na muhuri wake mwenyewe. Malalamiko yangu ni haya.

1. Mama yako, dada yangu Wilhelmina, amenitumia karatasi iliyobandikwa kwenye chupa yako. Inasema mafuta yanatibu vidonda vya tumbo, yanarudisha nguvu na kukata kutu kwenye baiskeli. Nimesoma habari za madaktari waliogundua kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria. Masikini, baiskeli hawakuifikiria.

2. Hospitali ilimpa mama yako vidonge vya kuua bakteria hao, ikamwambia avimalize. Ukamletea chupa kabla hajavimaliza. Akakumbuka tulivyolelewa: mgonjwa hachanganyi dawa za waganga wawili, maana ni kuwadharau wote. Basi akavifunga vidonge kwenye kitambaa, akabaki na mafuta. Alikuchagua wewe kwa sababu daktari si mwanawe.

3. Zamani madukani hapakuwa na kitu, na tulijua hakuna. Sasa soko ni huria, kila kitu kipo, na hakuna ajuaye ni nini. Hata bakteria wa mama yako wamefaidi: walipigwa nusu, wakaachiwa, na sasa wanaendesha shughuli zao tumboni bila leseni.

4. Ananiambia anapata choo cheusi kama lami, nawe ukamjibu, "Usiogope mama, huo ni uchafu, mafuta yanafagia!" Mpwa, huo si uchafu. Ni damu.

Kwa hiyo naomba upanue biashara. Ongeza meza ya majeneza hapo hapo kibandani, mteja asisumbuke kuvuka barabara. Kisha iandikie serikali ifunge hospitali. Wodi zake zitafaa kuwa maghala ya chupa zako.

Nisalimie rafiki yangu Mihayo wa Pasiansi, wanakwaya wenzetu wa zamani, na yeyote hapo ziwani anayelikumbuka jina langu.

Ni mimi mjomba wako,
Pius Mayala

Nyongeza: Mpeleke mama yako hospitali leo hii, ukisoma tu barua hii. Nimemuuliza daktari wa huku. Anasema baadhi ya mafuta ya mimea yameua bakteria hao katika vyombo vya maabara, na huenda yakasaidia yakiwa pamoja na dawa, si badala yake. Kwa hiyo usifunge kibanda. Wakimwanzishia vidonge upya, mwonyeshe daktari chupa yako; akikubali, mpe vyote viwili kwa mkono wako mwenyewe. Mimi mkubwa wa nyumba nimeruhusu, na hakuna mganga aliyedharauliwa. Najua atasema anangoja nije nimwambie kwa mdomo. Asingoje. Sitarudi Mwanza.