Bangili ya Mpingo na Shaba

Kwamsisi. Jumatatu, 1 Julai 1974.
Mimi Mdoe, miaka sabini na tatu. Nimemwona Mjerumani akienda, Mwingereza akienda, nzige wakienda, na wake zangu wawili, Mungu awarehemu. Nipo! Kuandika nimejifunza mwaka jana kwenye kisomo cha watu wazima, na mwalimu nimeshampita.

Mwaija, mjane wa nyumba ya kisimani, katwambia mimi na Hiza: siku ya Sabasaba atavaa bangili ya yule atakayemkubali. Hiza ni mhunzi, kahamia hapa kutoka Kwashemshi tulipokusanywa kijiji kipya. Kijana wa miaka hamsini. Yeye hufua shaba tupu. Shaba tupu hata mbuzi huvaa, kengele! Mimi nitachonga mpingo, nizungushie utepe wa shaba ya karabai langu bovu. Handeni nzima hakuna aliyewahi.

Jumanne, 2 Julai.
Nimekata mpingo. Hiza kapita, kaushika, kasema kwa upole: mzee, huu bado una maji, utundike kivulini miezi. Nikamwambia nilikuwa nachonga vinu yeye hajaota meno. Wivu huo. Nimeuanika juu ya moto.

Alhamisi, 4 Julai.
Imekwisha! Inang'aa! Shida kipimo. Mkono wa mjane huushiki kisimani watu wakitazama. Nikawaza: Mwaija analima kama mwanaume, mkono wake na wangu ni mmoja. Nikaijaribu. Kwa sabuni imeingia vizuri sana.
Kutoka ndiyo haijataka.

Ijumaa, 5 Julai.
Zamu ya shamba la kijiji, kuchuma pamba. Nimevaa koti juani. Wakauliza kama naumwa. Nikasema baridi. Nilipoinua gunia kichwani, mkono wa koti ukateleza. Mwaija akaona.
"Hongera, Mzee Mdoe. Umeolewa na nani?"
Mstari mzima ukakaa chini kucheka. Nikamjibu ni ya kwake, naitunza mkononi isipotee.

Jumamosi, 6 Julai.
Hiza kaja na msumeno wa chuma, eti anisaidie. Akate kazi yangu kwa furaha yake! Nimemfukuza. Mkono umevimba kidogo tu.

Jumapili, 7 Julai. Sabasaba.
Jua kali. Ngoma imekolea, nami napiga makofi. Tah! Watu wakalala chini, wakidhani bunduki. Mpingo vipande vipande, utepe ukaruka mpaka ndani ya chungu cha togwa cha Mwaija. Akauopoa kwa upawa, akacheka mpaka machozi. Hapo nikaona mkononi mwake bangili ya Hiza.
Akaniambia polepole, "Hiza alikuja na kamba ya mgomba, akanipima. Nawe ungeniomba mkono uupime, mzee, ningekupa."

Jumatano, 10 Julai.
Arusi bado mwezi mzima. Mwaija kanirudishia utepe, kausugua kwa majivu. Mtu asiyekutaka hasugui! Nimekata mpingo mwingine. Safari hii mtali, wa mguuni. Hiza kapita, kasema bado una maji. Wivu uleule.
Kipimo nimechukua mguu wangu. Umeingia kwa sabuni.
Asiyeamini kwamba ni kazi safi amwulize Hiza, yuko hapa mlangoni na msumeno wake. Au Mwaija: kanishika kisigino sasa hivi, anavuta.