Joka Lililogoma Kuingia Kontenani

Jumapili, 8 Novemba 1998

Leo nimelia hadharani. Naandika hapa tu. Burhani wa hotelini akijua, nahama mji.

Ilikuwa hivi. Kangle, kwenye viwanda vya nguo, umeme umekatika, vyerehani vimelala, mafundi wamelala juu ya vyerehani. Bi Fathiya, mwenzangu wa kontena, akakosa wa kumgombeza. Nikaona hii ndiyo bahati yangu. Nikamwambia mtu hawezi kuja Guangzhou safari zote hizi akarudi Unguja hajui kitu ila marobota. Twende bustani ya michezo! Akasema haya, lakini tutafuatana na Gaudiosa, maana Kichina changu kinaishia kwenye bei. Uongo. Kinafika mpaka kwenye chakula.

Gaudiosa ni binti wa Bukoba, anasomea udaktari hapa. Mpole, mcha Mungu. Kasoro yake moja: anatafsiri kila unachosema, hata ulichojisemea.

Basi huko bustanini nikaliona Joka. Treni nyekundu ya viti inayopanda reli mpaka mawinguni, halafu inajimwaga chini na watu wake wote. Mbele ina kichwa cha joka. Rangi imebabuka, jicho moja hakuna. Nikasikia chuma kinasaga chuma na watoto wanapiga ukelele.

Nikajiona mtaani kwetu Ng'ambo, sikukuu ya pili, suruali mpya inanichoma mapaja, senti za mkono wa sikukuu nimezikunja ndani ya leso. Pembea yetu ilikuwa masanduku ya mbao, inazungushwa na wanaume wawili wenye vifua kama milango. Ukifika juu unayaona mapaa yote ya mji, na mama yako kule chini, mdogo kama punje, anakutukana na humsikii. Raha iliyoje! Nimepita miji mingi, nimelala Dubai, nimelala Bangkok. Sijaiona raha ile tena.

Siku hizi pembea hiyo haipo. Mbao zimekwenda jikoni. Watoto sikukuu wanavishwa, wanapelekwa uwanjani kuangaliana.

Bi Fathiya naye akakumbuka. Akasema yeye alipanda mpaka akalitapikia gauni jipya, akafutwa, akataka tena. Akacheka mpaka akashika uzio. Tangu atoke eda sijayaona meno yake ya nyuma. Leo nimeyaona yote.

Gaudiosa akasoma bango: Joka linastaafu. Wiki ijayo linabomolewa, linaletwa jipya.

Hapo ndipo nilipolia. Na hapo hapo, machozi hayajakauka, nikapata akili. Joka liende Unguja. Lifike kabla ya Idi!

Jumanne, 10 Novemba

Nimekwenda kwa mkubwa wa bustani, Bosi Liang. Mtu mfupi, mwenye huzuni, anakunywa chai kutoka kwenye chupa ya jamu. Gaudiosa akanifuata na vitabu vyake.

Mimi biashara nimefundishwa na soko la Shisanhang, ambako ukikubali bei ya kwanza wanakucheka mpaka wauza maji. Kwa hiyo Bosi Liang alipofungua mdomo tu nikampiga na tai gui. Ghali mno! Nikainuka. Nikaenda mlangoni polepole, kwa maringo, nikisubiri kuitwa.

Sikuitwa.

Gaudiosa akanijia mbio. Akaniambia, "Kaka Mwadini, amesema ukitaka ulichukue bure. Anatafuta tu mtu wa kuliondoa."

Mfanyabiashara mwingine angefurahi. Mimi nikarudi nikakaa. Bure ndiyo bei yake ya kwanza! Nikambana. Baada ya saa nzima amekubali kulibomoa kwa mafundi wake, kulileta mpaka ghalani kwa lori lake, na kutulisha tambi. Gaudiosa alikuwa haniangalii usoni. Wasomi hawaijui biashara.

Jumatano, 11 Novemba

Nimelipima Joka. Sisi wa kontena kila kitu tunakipima kwa sibiemu: urefu, upana, kimo, unazidisha, basi. Sofa, vigae, hata bibi harusi ningempima. Mabehewa matano na kichwa. Yanaenea vizuri kwenye nusu yangu, na nafasi ya kuweka mashuka inabaki.

Maana kontena hili ni letu wawili. Nusu yangu, nusu ya Bi Fathiya. Yeye anapakia nguo za watoto za Idi, magauni ya vishada na visuti vya tai. Linafungwa Alhamisi ijayo. Meli ya baada yake itafika Idi imekwisha, na gauni la Idi baada ya Idi ni tambara. Wanawake wa mitaa mizima wamempa vipimo vya watoto wao. Hii ni safari yake ya kwanza tangu afiwe. Mashemeji wanamngoja ashindwe wamwambie akae ndani.

Akaniuliza mara mbili: mzigo wako hautavuka nusu? Nikamwapia.

Kisha akaja Burhani. Huyu ni jirani yangu hotelini, mtu wa Dar, anauza vipuri vya pikipiki na anavaa miwani ya jua mpaka kwenye lifti. Nikamwonyesha hesabu zangu. Akaziangalia. Akauliza, kwa upole wa kinafiki, reli nitazibeba kichwani?

Reli!

Nikamjibu reli zimo kwenye mpango, ni siri ya kibiashara. Akasema sawa, Sheikh wa Majoka. Akaenda zake akipiga mluzi.

Wallahi, reli nilizisahau. Mtu anapima mzigo, hapimi barabara!

Baadaye: nimepata dawa. Nguo hubonyea, chuma hakibonyei. Marobota ya Bi Fathiya yakikandamizwa vizuri, reli zitapita juu yake na yeye hatajua. Sitamwambia sasa. Kwa nini nimtie presha mwanamke wa watu?

Ijumaa, 13 Novemba

Baada ya sala nilipiga simu nyumbani. Nilitaka kumwambia dada yangu Shifa peke yake. Nikamwambia iwe siri.

Jioni nikapiga tena kumsisitizia. Sheha wa mtaa ameshajua. Uwanja umeshafyekwa. Watoto wameshapanga foleni ya nani atakaa nyuma ya kichwa, na wawili wameshapigana. Shifa anasema mama anapita nyumba hadi nyumba akisema mwanangu analeta treni ya angani. Yule mama aliyekuwa akinitukana kutoka chini!

Sasa siwezi kurudi nyuma. Ila nina raha. Nimeshajiona, kanzu nyeupe, nakata utepe.

Jumapili, 15 Novemba

Khaa! Bi Fathiya ana sheria zake. Kwake hakuna mzigo unaoingia kontenani bila kufunguliwa na kujaribiwa. Yeye amefungua kila robota, amevuta kila kifungo. Akasema hata joka litajaribiwa, na mwenye mzigo ndiye anayejaribu.

Nikamwambia mimi mambo haya nimeyazoea. Nikamwambia Bangkok nilipanda kubwa mara tatu yake huku nakula embe. Akasema vizuri, basi tutakaa mbele.

Tukakaa mbele. Gaudiosa akabaki chini kushika mikoba, anasema udaktari umemfunza mwili wa mtu unavyovunjika.

Joka likapanda. Taratibu, tak, tak, tak. Hapo bado nilikuwa nazungumza. Nikamwonyesha Bi Fathiya mto na majumba. Tulipofika kileleni likasimama kidogo, kama linavuta pumzi, na mimi nikaona hili limekaa muda mrefu bila kutiwa mafuta. Halafu dunia ikatoka chini yangu.

Kofia ilikwenda. Sijui iliko. Nilisoma kila sura niliyojaliwa kuihifadhi, na zilipokwisha nikaanza kutaja majina ya jamaa. Bi Fathiya alikuwa anacheka! Mikono juu, buibui linapepea, anacheka kama mtoto wa miaka saba. Akapiga kelele, "Mwadini, fumbua macho! Fumbua, utaikosa!"

Nikafumbua. Mara moja tu, kwenye kona ya mwisho. Nikaona mapaa, mapaa, mapaa. Ilikuwa ile ile. Wallahi ilikuwa ile ile.

Tuliposhuka nilisema yeye ndiye aliyekuwa akiogopa, ndiyo maana nilimshika. Akanionyesha mkono wake, alama za kucha zangu zote zimekaa sawasawa. Akasema mzigo umepita majaribio, ila mwenye mzigo ndiye anayetia shaka. Akataka tupande tena. Nikasema muda wa sala umekaribia.

Gaudiosa akasema bado sana.

Alhamisi, 19 Novemba

Niandike yote.

Asubuhi lori la Bosi Liang limelileta Joka ghalani. Lori la kwanza. Halafu la pili. Halafu la tatu. Kumbe zile nguzo zinazoshika reli nazo ni mzigo! Nguzo pia nilizisahau. Mtu ukipanda unaangalia juu.

Bi Fathiya alikuwa hajafika, yuko Kangle anachukua robota la mwisho. Nikawaambia wapakizi vitu vizito kwanza, ndiyo kanuni. Wakaingiza kichwa. Wakaingiza mabehewa. Wakaingiza reli, zikajikunja, zikatanuka, zikavuka nusu yangu kama hazikuambiwa. Kontena likajaa mpaka mlangoni. Nguzo zikabaki nje, zimetoa miguu barabarani kama twiga walioanguka. Na marobota ya Bi Fathiya yamepangwa kwenye lami, yote, hakuna hata moja lililoingia.

Nikajaribu kukandamiza robota moja kwa makalio. Nikaruka juu yake. Lilinirusha.

Manyunyu ya mvua yakaanza. Ndipo alipofika.

Nilijiandaa kwa kelele. Kelele nazijua, mimi ni mtu wa soko. Hakupiga. Aliliangalia kontena. Akayaangalia marobota. Akakaa juu ya lile la mwisho na kulifunika kwa mtandio wake lisilowe. Akaniuliza tu, taratibu, "Watoto watalipanda joka lako uchi, Mwadini?"

Nikamwona atakavyoteremka bandarini mikono mitupu, na mashemeji wamejipanga. Nikamwona na mama yangu, na mtaa mzima, na uwanja uliofyekwa. Nikapima. Hii haikuhitaji sibiemu.

Nikawapigia kelele wapakizi: toa! Toa lote! Wakaniuliza mara mbili. Wakatukana kwa Kikantoni, lugha ambayo kwa bahati Gaudiosa hakuijua. Mimi mwenyewe nikavua shati nikabeba reli. Na Burhani, aliyekuja kunicheka, nikamwona naye amevua miwani, kashika upande wa pili. Akaniambia beba, Sheikh, utacheka ukifika kwenu.

Tumelitoa lote. Tumeingiza nguo, kila robota, kavu. Na hapo Joka limejaa barabarani, watu wameanza kutaja polisi wa mtaa, na sina pa kulipeleka. Nikajiona nafungwa kwa kosa la kumiliki joka.

Mara Bosi Liang! Anakimbia, chupa ya chai mkononi. Nikadhani amekuja na polisi. Gaudiosa akasikiliza, akaanza kutabasamu. Kumbe tangu Joka libomolewe, wazee wa mtaa wamekaa mlangoni mwa bustani hawaondoki. Walipanda na wachumba wao, wanataka wapande na wajukuu. Babu mmoja amekataa kula. Wakubwa wake wamebadili uamuzi: joka jipya litawekwa upande mwingine, la zamani lirudi. Akanisihi, akainamisha kichwa, nimrudishie.

Toba! Nilitaka kumbusu.

Lakini biashara ni biashara. Nikakunja uso. Nikamwambia tai gui, inaniuma mno, Unguja nzima inasubiri. Nikaanza kuelekea mlangoni polepole.

Hapakuwa na mlango, tulikuwa barabarani. Nikasimama tu.

Mwisho wake: amelibeba kwa malori yake mwenyewe, na amenipa farasi wanane wa mbao wa lile gurudumu lao dogo la watoto, walikuwa stoo wamefunikwa gunia. Farasi wameingia kwenye nusu yangu na nafasi ikabaki. Bi Fathiya kawafunga mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, kila mmoja na shada lake. Alipofika kwa wa mwisho akasema, bila kuniangalia, kwamba mtu anayetoa joka kontenani huenda si mpumbavu mzima. Labda nusu.

Nusu! Tumeanza kupatana.

Jumapili, 22 Novemba

Meli imeondoka. Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Nimemweleza Shifa kwa simu kwamba joka limepata udhuru wa kifamilia, wanakuja farasi. Papo hapo watoto nyuma yake wakaanza kugombania farasi wa mbele. Alhamdulillahi.

Bi Fathiya amepika pilau chumbani kwa Gaudiosa. Burhani amekula sahani tatu. Nimeapa mbele yao wote: majoka basi, reli basi, kuanzia leo mimi ni mtu wa mashuka.

Na ni kweli. Majoka sitaki kuyasikia.

Ila wakati wa chai muuza maziwa ya soya ameniambia Foshan kuna gurudumu kubwa, lile la kupandisha watu angani kwenye vibanda, na wanaliondoa. Nimelifikiria kitaalamu, na hili ni jambo jingine kabisa. Joka lilinishinda kwa sababu lilikuwa refu. Gurudumu ni duara. Duara halina mwanzo wala mwisho. Kitu kisicho na mwisho hakina urefu, na kisicho na urefu kinaingia popote.

Bi Fathiya ana kontena jingine la Idi Kubwa. Nusu yake iko wazi.