Viota Nilivyovipaka Rangi

Jumamosi, 7 Septemba
Miti imechipua, minana wamerudi Serowe. Wote kwa jirani! Tangu nikate tawi lao ili gari langu lipate pa kukaa, ndege wale wa manjano hawanitaki. Wala mke wangu, MmaThuso, hanitaki. Alinikataza, nikakata, akafunga virago akaenda kwa mama yake. Mjomba Oteng anasema twende na wazee wa ukoo, nikae chini, nikiri kosa, nirudishiwe mke. Nikiri mbele ya wakwe? Thubutu! Minana wakirudi kwangu, naye atarudi. Nyumba imepoa mno bila yeye.

Jumatatu, 9 Septemba
Nimeokota viota vya mwaka jana chini ya mti wa jirani, Rra Sebina, nikavifunga kwa waya kwenye mti wangu. Kazi safi! Sebina kachungulia, akacheka hadi kofia ikamdondoka. Eti mnana jike haingii kiota kilichokauka, anataka kibichi, cha kijani. Wivu tu.

Jumatano, 11 Septemba
Sebina alisema kweli. Sitamwambia. Nimevipaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka geti. Vinang'aa! Dume mmoja katua, kadonoa, kafuta mdomo kwenye tawi, kaenda zake. Dharau.

Jioni nilikunywa uji wa mtama peke yangu, nikiwatazama minana wa jirani. Dume anafuma, jike anakagua, anakataa. Dume anabomoa, anaanza upya, wala hanuni. Nilimtazama sana. Nikamhurumia. Hana msimamo.

Jumamosi, 14 Septemba
MmaThuso kaja! Kumbe kafuata cherehani yake. Akaviona viota, akacheka mpaka akajifuta machozi. Halafu akanigeukia.

“RraThuso, umepanda mti na mgongo wako huo mbovu, ukapaka rangi majani makavu, halafu neno moja tu likushinde?”

Nililijua neno lenyewe. Lilifika hadi kwenye meno. Nikamwuliza kama rangi imekolea.

Akabeba cherehani yake, akaondoka. Sijala.

Jumapili, 15 Septemba
Nimewaza tangu asubuhi, bila kujionea huruma, na hatimaye kosa langu nimeliona. Rangi ya geti inang'aa mno! Kesho natafuta isiyong'aa.