Tarikhi ya Chungu cha Ramadhani Kisichotiwa Samaki

Nyamazeni, enyi wa Kivinje, wa Masoko na wa Pande! Anayekuna nazi na ashuke kwenye mbuzi, anayeperuzi simu na aizime, kwani nina jambo kubwa la kusimulia. Masultani wa Kilwa waliandikiwa tarikhi kwa sababu ya majumba yao, ambayo leo wakazi wake ni popo. Mimi Amiri bin Ibrahimu, karani mstaafu wa mahakama, mwenye hati nzuri kuliko wote mtaani kwetu, namwandikia jirani yangu Ramadhani bin Yunusu, aliyepika maharage. Anayecheka na acheke sasa, maana mbele kuna mahali pa kulia.

Ramadhani huyo ndiye Simba wa Kikaango, Bwana wa Mafuta Yachemkayo, mkaanga samaki wa sokoni kwa miaka thelathini na mmoja, ageuzaye jodari kwa vidole na vidole visiungue. Ni mgane, na mtoto wake ni mmoja tu, Samia, muuguzi huko Dodoma, ambaye Jumamosi alikuja likizo ya siku kumi baada ya mwaka mzima wa kuonana kwa simu. Alipokwisha kumwamkia babaye shikamoo na kupokea marahaba, alitangaza kwamba siku hizi hali kitu chochote kitokacho kwa mnyama.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema shujaa. "Nyama katika nyumba hii hutaiona."

Akamletea samaki, kolekole wa nazi.

Hapo ndipo vita vilipoanza. Sisi watu wa pwani, mtu akisema hali nyama, tunampa pole na kumwongezea samaki. Siku ya pili Ramadhani akaleta pweza, akiapa kwamba kiumbe asiye na mfupa hawezi kuitwa mnyama. Siku ya tatu akaleta dagaa, kwa hoja kwamba ni wadogo mno kuhesabiwa. Samia alikula mkate kwa chai ya rangi, na maharage ya kopo aliyokuja nayo begini, hata kopo la mwisho likaisha. Ndipo shujaa, ambaye ulimi wake haukufundwa kama mikono yake, akasema, "Mtoto wa mkaanga samaki akiona samaki kinyaa, basi na baba yake anamwonaje?"

Samia alikwenda kukata tiketi ya basi la Ijumaa, siku tatu kabla ya wakati wake, akaliweka begi mlangoni.

Jumanne asubuhi Ramadhani akaliokota lile kopo jalalani, akaja nalo barazani kwangu, akaitazama picha yake kama jemadari atazamavyo ramani.

"Bwana Amiri, shuhudia! Mimi niliyewakaanga papa wakubwa kama manowari, sitashindwa na nafaka. Maharage haya nitayapika kwa mkono huu, ndani ya nyanya, bila samaki, bila siagi, bila yai, na mwanangu atashiba kwangu kabla ya Ijumaa. Nikishindwa, nivuliwe kikaango!"

"Nimeshuhudia," nikasema, "ila kikaango usivuliwe. Mimi nitakula wapi?"

Akayanunua maharage meupe kwa Genoveva wa Kiranjeranje, muuza nafaka, akayaloweka usiku kucha. Jumatano yakatokota mpaka yakalainika. Nyanya zilikaangwa na vitunguu hata zikakubali kushindwa, zikatiwa sukari guru, siki na pilipili manga. Kisha akachanganya vyote chunguni, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko, moto juu na moto chini, kama tupaliavyo wali. Harufu ilifika barazani kwangu. Nikanawa mikono, nikachukua sahani.

Adui alipoingia hakuja na upanga, alikuja na huruma. Naye ni Bi Siti, dada mkubwa wa shujaa, aliyepitia uani wakati nduguye amekwenda kuswali adhuhuri. Kwa desturi ya kwetu, dada akikuta chungu cha nduguye hufunua, huonja, na kinachopungua hukitia. Bi Siti alifunua, akaonja, akaona aibu ya ukoo mzima. Akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, akakitumbukiza katikati na kufunika.

Shujaa aliporudi, pua yake ilijua kabla ya macho.

"Dada! Umeniua!"

"Nimekuokoa, mdogo wangu. Chungu kisicho na samaki ni chungu cha mgonjwa. Basi kitoe ukipenda, hakijakaa sana. Mtoto hatajua."

Ramadhani akashika upawa, akakiinua kile kipande, akasimama nacho hewani. Mashahidi tulikuwa wawili, Bi Siti na mimi, niliyekuwa nimeegemea ua na sahani yangu. Begi lilikuwa mlangoni. Naomba radhi kwa vizazi vijavyo, lakini nilisema hivi: "Rama, mimi ni karani. Lisiloandikwa halikutokea."

"Atakula akiniamini," akasema polepole. "Nami nitakuwa nimekaa mbele yake namtazama. Siwezi. Kuleni nyinyi."

Tukala. Nashuhudia kwamba yalikuwa matamu, na kwamba ng'onda iliyasaidia.

Shujaa akarudi kwa Genoveva. Akanunua pia chungu kipya na mwiko mpya, kwa kuwa vyombo vyake vyote vilikuwa vimekwisha kuwa samaki. Akaloweka tena. Alhamisi aliswali uani, msala ukiwa hatua mbili kutoka jikoni, na Bi Siti akamweka mlangoni. "Dada, leo wewe ndiye askari. Asiingie mtu yeyote mwenye huruma."

Saa saba na nusu mchana sahani ikawekwa mbele ya Samia, maharage mekundu, mazito, yameungua kidogo juu. Aliinama akanusa.

"Baba, umetia nini humu?"

"Ya kutia ni machache, mwanangu. Uliza nisichotia." Akamweleza yote, chungu cha kwanza, ng'onda ya shangazi yake, na ushauri wangu pia, jambo ambalo halikuwa na lazima. Kisha akainamisha kichwa. "Na lile neno la Jumatatu. Nalo sikupaswa kulitia. Nisamehe."

Samia akala. Akafuta sahani kwa mkate, akainyanyua. "Yapo mengine, baba?"

Nilimwona kwa macho yangu Simba wa Kikaango akitokwa na machozi, akilaumu moshi, na makaa yalikuwa yamekwisha kuzima zamani.

Basi na iandikwe, nami nimeiandika kwa hati yangu nzuri, kwamba siku hiyo, katika mji wa Kivinje, baba alimlisha mwanawe. Kopo lile ninalo, natilia kalamu. Basi la Ijumaa liliondoka alfajiri na kiti kimoja kitupu, na begi la Samia lilikaa chumbani hadi Jumatatu.