Makopo Matatu Yenye Harufu ya Siki

Jumamosi, 4 Novemba 2006

Leo nimeingia katika historia ya sinema ya Aleksandria. Historia yenyewe bado haina habari, lakini itazipata.

Makopo matatu ya filamu! Nimeyakuta soko la Attarine, kwa muuza vitu vya zamani, chini ya lundo la mapazia. Yana kutu. Lebo imechanika, limebaki neno moja tu: Anfushi. Nikajifanya naulizia pazia. Wadie Barsum alitengeneza filamu tatu kisha akafa, na ile ya tatu, ya mtaa wetu wa pwani wa Anfushi, hakuna aliyeiona tangu mwaka 1953. Watu wamezeeka wakiitafuta.

Muuzaji hakutaka hela. Alitaka saa ya ukutani. Kwa bahati nyumbani ipo moja, ya marehemu shemeji, mume wa dada yangu Inshirah. Dada alikuwa sokoni. Nilimaliza shughuli yote kabla hajarudi.

Mashine yangu ya kuonyeshea filamu haina balbu, kwa hiyo sijaitazama. Nimenyanyua kipande dirishani: uwanja, punda, watu wadogo kama chawa. Inatosha. Nimeyaficha makopo stoo ya jikoni, rafu ya chini, nyuma ya chupa za achari za dada. Mahali pa giza na baridi, kama vitabu vinavyoagiza.

Jumapili, 5 Novemba

Dada kauliza saa iko wapi. Nimesema imeenda kutengenezwa. Kasema mbona ilikuwa inakwenda vizuri. Nimesema ndiyo maana, tuiwahi kabla haijaharibika. Amenitazama hadi chai ikapoa.

Klabu yetu ya filamu, Mkanda, inatimiza miaka hamsini Alhamisi ya tarehe kumi na sita. Kwetu filamu ikiisha, mtu mmoja husimama mbele kufungua mjadala, na hakuna ruhusa ya kutia neno mpaka amalize. Miaka saba mfululizo amefungua Dokta Halim Wasfi, daktari wa meno, mwenye kabati la filamu lenye kiyoyozi chake peke yake. Mimi ni mwanachama mwaka wa ishirini na mbili. Nimewahi kufungua madirisha.

Lakini mwenye Barsum mkononi nani atamnyima?

Wakati wa chakula dada karudia hadithi yake ya Mama. Eti Mama aliwahi kupita kwenye filamu pale Anfushi, sinia ya mikate kichwani, akamfokea mwongozaji asogeze takataka zake, mikate inapoa. Nimemwambia kila nyumba ya mji huu ina mama aliyepita kwenye filamu. Halafu Barsum alikuwa mtu wa vivuli na ukimya, hakuwa mtu wa mikate. Dada kasema yeye hakumtaja Barsum yeyote.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Picha yake ya pekee ililowa maji yalipoingia nyumba ya zamani, tukaokota karatasi nyeupe. Dada anaikumbuka sura yake. Mimi siikumbuki. Huwa siandiki habari hizi, sijui leo nimeandika kwa nini.

Jumanne, 7 Novemba

Nimekwisha!

Nimeingia stoo, nimeinama kwenye makopo, harufu ya siki imenipiga usoni. Siki! Ugonjwa wa siki! Mkanda ukianza kufa hutoa harufu hiyo, kisha hujikunja, kisha hugeuka ganda, na dawa hakuna. Tena unaambukiza. Nina filamu arobaini na tatu nyumba hii.

Sikuhangaika kulifungua kopo hata moja. Pua hii imenusa mikanda miaka thelathini na haijawahi kunidanganya.

Nimekaa sakafuni mpaka magoti yakafa ganzi. Dada kauliza kama nataka biringanya za achari na mkate. Nimemwambia asinitajie kitu chochote kichachu ndani ya nyumba hii. Kajibu kwamba basi nianze kwa kuuondoa uso wangu.

Jumatano, 8 Novemba

Nimeamka na akili nzuri kuliko ya jana.

Halim hanusi! Tangu mafua makubwa ya mwaka juzi pua yake ni pambo tu. Wagonjwa wake hushukuru. Sasa: nampa Halim makopo matatu. Yeye ananiachia zamu ya kufungua mjadala wa miaka hamsini. Mimi naondokewa na maradhi, napata zamu, na kabati lake lenye kiyoyozi linaanza kuoza taratibu, kopo kwa kopo. Nimejisikia vibaya kidogo kuhusu hilo la mwisho. Halafu nikakumbuka miaka saba.

Alhamisi, 9 Novemba

Imekubali! Namshukuru Mungu, nafuta kila nilichowahi kusema juu ya bahati yangu.

Nimeyatoa makopo mbele ya klabu nzima, ghorofani mwa mgahawa, saa kumi na moja jioni. Halim kakunja uso: “Wewe Ismat, tangu lini unatoa kitu bila kulia?” Nikasema nimekua. Kasema katika umri wa miaka hamsini na saba, si haba. Wote wakacheka. Akalinyanyua kopo hadi puani! Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliye bustanini, akasema safi kabisa. Ami Zaki, mzee anayetuendeshea mashine, naye alinyoosha mkono anuse. Nikamtia sigara mdomoni, nikaiwasha, nikamwuliza habari za wajukuu wote tisa mmojammoja.

Bi Ulfat, mwenyekiti wetu, mwalimu mstaafu wa Kifaransa, kaandika daftarini: Halim Wasfi kapokea makopo matatu, Ismat Qandil atafungua mjadala. Nikamwomba anisomee tena.

Halim aliyabeba hadi garini kifuani, kama mtoto aliyetoka kutahiriwa. Karibu nimwonee huruma.

Ijumaa, 10 Novemba

Hotuba: kurasa kumi na moja. Dada kauliza kama fundi wa saa amekufa.

Jumatatu, 13 Novemba

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Halim kapiga simu mchana. Alikuwa anapiga kelele, mtu mzima na digrii yake. Ni Barsum! Filamu ya Anfushi, kamili, haina hata mchubuko! Ami Zaki kaifungua, kaipitisha yote mezani kwa vidole vyake. Halafu Halim akashusha sauti: “Ila Ismat, ndugu yangu, Ami anasema makopo kwa nje yalikuwa yananuka siki. Na kitunguu saumu. Hivi umewahi kuona mkanda unaougua kitunguu saumu?”

Nimekimbilia stoo. Rafu ya chini. Chupa moja ya biringanya ina ufa mwembamba kama unywele, na siki inatiririka ubaoni mpaka pale pale yalipokuwa makopo.

Dada kanikuta nalamba kidole. Kasema kumbe hamu imerudi.

Jumanne, 14 Novemba

Kukata tamaa ni kwa wavivu. Nimepata mbinu.

Halim hawezi kunusa, lakini nesi wake anaweza. Nikilipaka kabati siki, nesi atapiga yowe, Halim ataamini mkanda unaoza, ataurudisha kwangu kwa miguu yake. Kabati liko ndani ya chumba cha matibabu. Kuingia kule lazima uwe na jino bovu. Nikaingia nimeshika shavu, chupa ya siki mfukoni.

Halim alipogeuka kuchukua vyombo nikaimimina nyuma ya kabati, nusu yake ikaniingia kwenye soksi. Nesi akanusa. Akauliza nani kala achari akaja kwa daktari bila kupiga mswaki. Wote wawili wakanitazama. Halim akasema kumbe ndiyo sababu ya maumivu, maskini, akanidunga sindano ya ganzi kabla sijajieleza.

Kaling'oa gego la kulia. Zima, jeupe, halina tundu. Kanipa nirudi nalo nyumbani ndani ya karatasi.

Alhamisi, 16 Novemba

Siku yangu ya kufungua mjadala.

Shavu limevimba kama andazi. Dada kaja nami. Hajawahi kukanyaga klabu, lakini amesikia ni Anfushi, kavaa koti lake la Idi. Halim alikaa mstari wa mbele. Nilikaa nyuma yake nikiitazama shingo yake kwa chuki.

Taa zikazimwa. Uwanja, punda, mashua zinapakwa rangi. Halafu mwanamke anaingia upande wa kushoto, sinia ya mikate kichwani. Anaigundua kamera. Anasimama. Anasema kitu, filamu haina sauti pale, lakini kila mtu ukumbini alielewa kuwa anatukana. Halafu anacheka. Anafuta kidevu kwa kiwiko cha mkono, anaondoka.

Dada alikuwa amesimama. Kasema, “Mama.” Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili.

Mimi huwa nafuta kidevu vile vile. Inshirah amenigombeza kwa hilo tangu utotoni, na hakuwahi kuniambia nimelitoa wapi. Nina miaka hamsini na saba, na leo nimemwona mama yangu kwa sekunde kama tisa. Sikusikia wala kuona chochote cha filamu baada ya hapo.

Taa zikawaka. Bi Ulfat kaita jina langu. Nikaenda mbele na kurasa zangu kumi na moja. Sikuweza. Nikafungua mdomo, hakikutoka kitu. Na kwa sheria yetu hakuna wa kutia neno mpaka mfunguzi amalize, kwa hiyo watu thelathini na wawili walikaa kimya wakinitazama, dakika tatu, nne, tano. Mate yalinitoka upande wa gego. Nikayafuta kwa kiwiko.

Nikarudi kukaa. Wakasimama wote na kupiga makofi! Bi Ulfat alikuwa na machozi. Kasema katika miaka hamsini hakuna aliyewahi kufungua Barsum namna hii, kwa ukimya wa Barsum mwenyewe. Nilikuwa nimeusubiri wakati huu miaka ishirini na mbili. Nilitamani sakafu inimeze.

Ngazini Halim kanishika mkono, makopo kwapani. Watu wamejaa pande zote. Kasema taratibu: “Ismat, mama ni mama. Niambie ukweli mmoja tu: kwa nini ulinipa? Sema, uyachukue sasa hivi.”

Dada kanifinya ubavuni. “Sema, wewe!”

Neno moja tu lilihitajika. Lilikuwa ulimini. Lakini Bi Ulfat alikuwa pale na daftari lake, na wale wote waliokuwa wametoka kunipigia makofi walikuwa wamenyoosha masikio. Nikasema nilimpa kwa mapenzi ya kindugu.

Halim aliyakaza makopo kwapani. Kasema basi kama ni zawadi ya mapenzi, kuirudisha itakuwa kunivunjia heshima mbele ya watu. Kanipiga bega. Kasema nikitaka kumwona Mama niweke miadi kwa nesi. Gari likaondoka.

Katika tramu dada alikaa kiti cha mbali. Mimi ni mpumbavu. Naiandika hapa kwa wino ili isifutike: mimi ni mpumbavu.

Ijumaa, 17 Novemba

Dada kasema mambo matatu, kupitia mlangoni. Nimwendee Halim. Nimwambie kweli. Nirudi na Mama. Kasema ni kazi ya robo saa.

Nimemwambia nitakwenda. Nitakwenda kesho.

Jumamosi, 18 Novemba

Nilikuwa njiani kwenda kwa Halim, naapa. Njia inapita Attarine.

Muuzaji wangu kanipungia. Makopo mawili, hayana lebo, yananuka siki kutoka upande wa pili wa barabara! Watu wanayapitia mbali, wameziba pua. Nilicheka peke yangu. Wajinga! Mimi ninajua sasa siki inatoka wapi. Siki iko nje tu. Chini ya siki ndiko hazina zinakokaa. Kataka kinu cha shaba. Dada anacho kimoja, cha harusi yake, naye alikuwa kwa jirani.

Nimeyafungua nyumbani. Mkanda umegandamana pamoja, unanata kama kashata iliyoachwa juani. Nimevuta, umekatika. Umekufa kabisa, labda miaka kumi iliyopita.

Nilikaa sakafuni kwa muda. Halafu akili ikaja, na nilishangaa ilivyo rahisi.

Dada kauliza kinu kiko wapi. Nimemwambia kimeenda kutengenezwa, pamoja na saa. Atafurahi mwenyewe nikirudi na Mama.

Keshokutwa nampelekea Halim makopo haya mawili, yamefungwa utepe. Namwambia ni Barsum wa pili, tubadilishane. Kunusa hawezi. Atataka kufikiri siku chache, namjua, na afikiri tu, sina haraka. Nitamshauri ayaweke kabatini, kwenye ubaridi, rafu moja na Mama.