Kutembea kwa Mkupuo

Jumatatu, 1 Machi 1993
Nimerudi nyumbani Mhezi toka hospitali ya Same na majibu ya damu. Mafuta mengi! Mimi, ambaye tangu shamba la mkonge litupunguze kazini nyama naiona Krismasi. Daktari Honorata, binti mwenye adabu, aliniamkia kwanza ndipo akanitisha. Alisema mafuta hayo yakizidi kwenye damu huchacha, kama samli iliyosahaulika, yakaganda kwenye mishipa ya moyo. Nitembee haraka nusu saa kila siku. Mwili ukizoea, wenyewe utayazuia yasichache. Mke wangu Rogathe akaenda kuficha kopo la mafuta. Kaka yangu Loth alianguka akafa shambani mwaka juzi, moyo huohuo. Rogathe ndiye aliyemkuta.

Jumanne, 2 Machi
Mvua. Sikutembea. Jirani Hezroni katembea, na mwavuli! Naye ana moyo mbovu kama wangu. Kapita dirishani kwangu akiimba pambio. Majivuno matupu.

Jumapili, 14 Machi
Bado sijaanza. Sababu zote ni za haki: mvua, maharage, viatu. Raba za mitumba nilizonunua mnadani, moja ni kubwa kuliko mwenzake. Rogathe kauliza kama nimetembea. Nikasema ndiyo. Nilitembea mpaka kwa Hezroni kumwambia apunguze sauti.

Ijumaa, 19 Machi
Nimepata akili! Hapa kwetu ukikosa msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzibua mfereji, hakuna ugomvi. Siku nyingine unapimiwa kipande kirefu, unachimba, yamekwisha. Kwa nini moyo nao usikubali? Siku kumi na nane nilizokosa, nusu saa kila moja, ni saa tisa. Kesho nazimaliza zote kwa mkupuo, kijiji cha Chome na kurudi, mpaka zitimie. Hezroni aendelee na kidogo kidogo chake.

Jumatatu, 22 Machi
Aibu. Juzi, saa ya nne ya safari, kwenye mwinuko wa Chome, dunia ilizunguka. Nikabebwa kwa machela. Aliyeshika mbele ni Hezroni! Hakuhema hata kidogo. Aliimba.

Leo Same tena. Daktari kasema moyo umenusurika, ila asiyezoea akijichosha vile kwa siku moja anaweza kuyachachisha mafuta yale zaidi. Kinga hujengwa siku hadi siku, na za nyuma hazilipwi. Njiani Rogathe kasema mara moja tu: "Loth nilimkuta mimi. Wewe sitaki kukukuta." Nililia mbele za watu. Nimeapa kutembea kila siku.

Jumatano, 24 Machi
Kiapo kipo palepale. Ila mguu unauma. Halafu nikakumbuka: msaragambo huhesabiwa kwa kaya. Baba akishindwa anakwenda mama, na nyumba inawekewa alama yake. Nikamweleza Rogathe atembee yeye kwa niaba ya kaya. Kanitazama sana. Kisha kaingia ndani, katoka na sanduku lake kichwani, kashika njia ya Chome, kwa wazazi wake.

Nilidhani atakataa! Tena kabeba mzigo, ili zoezi liwe na uzito. Mwanamke wa maana. Nipo dirishani na saa yangu. Nusu saa imepita zamani na bado anapanda, hageuki. Huyu atamaliza mpaka za wiki ijayo!