Santuri ya Bombo Gafu

Jumatatu, 5 Mei

Mvua. Jana mvua, leo mvua. Nimeamua kuandika shajara ili siku moja watu wajue ni nani aliyeiokoa rege ya kale wilayani Rungwe. Ni mimi, Anyosisye wa Kisiba, mrithi wa sanduku la santuri la marehemu mjomba. Wenzake walirudi kutoka migodi ya Kitwe, Zambia, na baiskeli. Yeye alirudi na muziki wa Jamaika. Mkewe hajamsamehe mpaka leo.

Hali ni mbaya. Kundi letu la Rege ya Kale lina pleya moja tu ya santuri, na mwaka huu wote imekaa kwangu. Jumamosi tunakutana. Mwenye rekodi adimu kuliko wote ataondoka na pleya kwa mwaka mzima. Ndiyo kanuni. Niliitunga mwenyewe, mwaka ambao nilijua nitashinda.

Sasa Mwalimu Hezekia katangaza kwenye WhatsApp kwamba amepata santuri ya Kingston ambayo Afrika Mashariki haijawahi kuisikia. Kahamishiwa hapa Januari kutoka Singida, tayari ni katibu! Akabandika na picha ya simba. Simba!

Pleya ikiondoka, sanduku la mjomba ni rundo la sahani nyeusi zisizosema kitu. Siwezi kuvumilia. Tangu asubuhi nakaa, nasimama, nachungulia dirishani, nakaa tena.

Mke wangu, Mama Lightness, kauliza kama nimekata majani ya ng'ombe. Nikamwambia niko kwenye mawazo. Kasema ng'ombe hali mawazo.

Jumanne, 6 Mei

Nimechambua sanduku lote. Nusu zimeota kuvu kwa unyevu. Chini kabisa nimekuta sahani ndogo yenye tundu kubwa katikati, ya Kijamaika hasa, karatasi yake imebanduka, haina jina wala chochote. Tundu halikai kwenye kijiti cha pleya. Nikachonga gunzi la hindi, likakaa barabara. Ufundi!

Upande wa kwanza umekwaruzika, sindano inaruka kama mbuzi. Upande wa pili mzima kabisa. Bahati mbaya ni ule upande ambao Wajamaika waliondoa sauti ya mwimbaji wakabakiza ngoma na besi, ili mghani wa ukumbini aje aseme maneno yake juu yake. Besi tupu. Tamu mno, lakini tupu. Hezekia atacheka.

Nikairekodi hivyo hivyo, simu juu ya kigoda mbele ya spika. Katikati ya rekodi Mama Lightness akaingia kutoka shambani kwenye chai, kalowa chapachapa, ng'ombe analia kwa njaa. Akiniita Baba Lightness, nyumbani kuna amani. Akiniita Gwe, ile "wewe" kavu ya Kinyakyusa, huwa natafuta kofia yangu. Leo nilikuwa Gwe. Alisimama mlangoni akapaza: "Gwe! Gwe! Mbombo ngafu! Majani! Majani!"

Mbombo ngafu, yaani kazi ni ngumu. Wengine husema hivyo kwa utani. Mama Lightness hakuwa anatania.

Nilitaka kufuta. Kidole kikateleza, nikatuma kwenye kundi. Bando likaisha hapo hapo. Nimekwisha.

Jumatano, 7 Mei

Nimeamkia kwa jirani yangu Jairo kuomba intaneti, nifute aibu yangu. Nimechelewa. Wote wameshasikiliza.

Na wanashangilia!

Hezekia ameandika waraka mrefu. Anasema huu ni ugunduzi. Mghani wa kike, miaka ya mwanzo kabisa! Anasema ile mvua kwenye bati ni ufundi wa studio za Kingston. Anasema Marasta wa enzi hizo walijifunza Kiswahili, jambo linalojulikana, na neno "majani" kwa Rasta halihitaji ufafanuzi. Maneno yaliyobaki kayanukuu kama alivyoyasikia: "Way, way, Bombo Gafu." Bombo Gafu, kwa maoni yake, ndilo jina la msanii.

Muuguzi Pudensiana, mwenyekiti wetu, ambaye kwao Kigoma, kauliza tu nimeitoa wapi. Mtu mwadilifu angesema ukweli. Niliandika neno moja: Urithi.

Tatizo ni Jairo. Kundi zima ni watumishi wa kuhamia, Wanyakyusa ni yeye na mimi tu. Kasikiliza, kakaa chini kwenye matope, kacheka mpaka kofia ikamdondoka. Kasema hiyo lege (maisha yake yote husema lege) anaifahamu vizuri, huisikia kila jioni kupitia kwenye uzio, bure kabisa. Nimemwahidi mkungu wa ndizi anyamaze. Kataka na wa pili, wa kuiva.

Alhamisi, 8 Mei

Ushindi! Hezekia kajiondoa kwenye mashindano. Kasema mbele ya Bombo Gafu santuri yake ni ya kawaida tu. Simba kaondolewa. Tena kaituma rekodi kwa mkusanyaji mkubwa wa Dar es Salaam, Hosea, naye kajibu kwamba hakulala.

Mchana furaha imeingia mchanga. Pudensiana kakumbusha kanuni nyingine: rekodi ya simu haitoshi, santuri yenyewe lazima ipigwe mbele ya wanachama. Kanuni hiyo pia ni yangu. Nilimtungia mtu mmoja wa Suma aliyekuwa akituletea vitu vya kuokota mtandaoni.

Santuri haina Mama Lightness ndani!

Nimezunguka nyumba mpaka kuku wakahama njia. Kumwomba aje aigize? Atakataa. Kwanza itabidi nimweleze. Lakini mpango nimeupata. Mkutano ufanyike kwangu. Spika nitaiweka karibu na mlango wa nyuma. Nyuma ya mlango kuna zizi. Majani sitakata. Atatoka kwenye chai, atamkuta ng'ombe analia, atapaza sauti kama kawaida yake, na wageni watadhani imetoka kwenye spika. Namwamini mke wangu. Hasira yake haijawahi kuniangusha.

Ijumaa, 9 Mei

Leo nilifanya mazoezi. Majani sikukata. Akakata yeye, kimya kimya! Nikaficha mundu. Akaazima wa Jairo. Nikalala kwenye benchi mchana kweupe, miguu juu ya sanduku la santuri. Akanifunika shuka.

Kisha kapika mbalaga, ndizi laini za maziwa kama za siku ya ugeni, kaniwekea sahani ya kwanza na kuniuliza kama kuna mahali panauma. Sijawahi kuogopa hivi tangu tuoane.

Baadaye nikabaini chanzo. Jairo, msaliti mwenye mikungu yangu miwili, kamwambia anihurumie kidogo, mume wake ana msongo kwa sababu ya mambo ya lege.

Jumamosi, 10 Mei



Walikuja wote, matope mpaka magotini. Mama Lightness hakwenda kwenye chai. Alivaa kitenge cha kanisani, akawapokea kwa Kiswahili cha mkutano, chai ya maziwa, viazi vitamu, karibuni jisikieni nyumbani. Hezekia akampa shikamoo. Nikaona kaburi langu.

Niliweka gunzi. Nikaweka sahani. Nikashusha sindano. Besi ikaanza, ile besi inayokusukuma kifuani, na ng'ombe, ambaye leo alikuwa ameshiba, hakusema lolote. Nikakohoa. Nikaburuta kiti. Mwisho, kwa kukata tamaa, nikapiga teke ndoo ya maziwa ya asubuhi, yote yakamwagika sakafuni.

Akasema: "Pole, Baba Lightness."

Baba Lightness!

Sahani ikafika mwisho bila neno hata moja. Watu wakatazamana. Hezekia akasema labda ni upande mwingine, tukageuza, sindano ikaruka ruka. Pudensiana akairudisha upande wa pili, tusikilize tena kwa makini. Hezekia akatoa simu yake ili alinganishe, akaifungulia sauti mpaka mwisho. Gwe! Gwe!

Mama Lightness akatoka jikoni na mwiko. Akauliza ni mwanamke gani huyo anapiga kelele nyumbani kwake. Akasogea. Akasikiliza. Nilimwona anapoitambua sauti. Kwanza ilikuwa aibu, mbele ya wageni, na kitenge cha kanisani. Hiyo iliniuma, naandika kama ilivyo. Halafu ikaja hasira, na hasira ikaja na maneno yale yale.

"Gwe! Gwe! Mbombo ngafu! Majani! Majani!"

Hakuishia hapo. Akaongeza bati linalovuja, uzio ulioanguka, ndama niliyemsahau kwenye mvua, maziwa yanayotambaa sakafuni. Na kila neno likatua pale pale besi ilipoliachia nafasi. Hakuna aliyesogea. Mguu wa Hezekia ulikuwa unapiga chini wenyewe. Na mimi, ninayetukanwa, nilisahau kwamba natukanwa. Miaka yote hii sauti hiyo imo ndani ya nyumba na mimi nilikuwa naikimbia kwenda kwenye spika! Machozi yalinilenga. Alimaliza pamoja na sahani, sekunde ile ile.

Pudensiana akasema yeye alijua tangu Jumatano. Wagonjwa wanamwambia mbombo ngafu kila asubuhi, alitaka tu kuona nitafika wapi. Hezekia akawa anatazama viatu vyake. Kisha mwenyekiti akatoa uamuzi: adimu kuliko hii haipo, duniani kuna moja. Pleya ni ya Mama Lightness.

Aliyepiga makofi zaidi ni Jairo.

Jumapili, 11 Mei

Pleya iko kwenye chumba cha maharage. Ufunguo uko kwenye pindo la khanga yake. Sharti ni hili: mzigo mmoja wa majani, santuri moja.

Baada ya kanisa nilikata majani, mvuani, mzigo mkubwa. Akafungua. Akachagua mwenyewe ile yenye gunzi, akakaa pale kwenye gunia tukasikiliza wawili. Akauliza hawa watu wanasema nini humu ndani. Nikamwambia hawasemi kitu, ni nafasi wameiacha ili mtu mwingine aseme lake. Akafikiri. Akasema basi hao ni watu wenye akili.

Nimemwomba radhi. Nimeapa, mkono kifuani, sitamrekodi tena. Alinitazama, akafunga mlango, akafunga na pindo.

Jumatatu, 12 Mei

Hosea wa Dar kaniandikia mimi binafsi. Hakuna aliyemwambia ya Jumamosi, Hezekia anaona haya. Anauliza kama Bombo Gafu alitoa santuri nyingine.

Mtu mwadilifu angesema ukweli. Nimemjibu kwamba ipo ya pili, nayo ni kali kuliko ya kwanza.

Simu iko juu kwenye dari la zizi, ndani ya mfuko wa unga, inarekodi. Besi nitaiweka baadaye. Majani sijakata. Mundu nimeuficha, na safari hii nimeuficha na wa Jairo. Namsikia anapanda kutoka kwenye chai, anaimba wimbo wa kwaya. Kafika uani. Kasema habari za mchana, Baba Lightness.

Haifai hivyo. Naenda kuangusha uzio.